Wanawake wa Kamalondo Walipolalia Ubavu

Agnès Kapya alikuwa na miaka ishirini na mitatu, hakuwa amezaa, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanawake waliozaa namna ya kulea watoto. Hata kabla hatujafika kwenye mambo ya mwezi, msomaji ataona kwamba binti huyu alikuwa na kibarua kigumu.

Alizaliwa kaskazini ya Katanga, upande wa Kongolo, katika nyumba ya mfanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa maswali, wa aina ile inayochosha wazazi, na baba yake alipoishiwa majibu akampeleka kwa masista wamjibu wao. Huko alijifunza kusoma, kushona, kupiga hesabu, na jambo moja lililomchoma moyo kuliko yote: kwamba maji yasiyochemshwa yana vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyowaharisha watoto. Wadogo zake wawili walikuwa wamekufa kwa kuhara, mmoja akimfuata mwenzake, na yeye ndiye aliyekuwa akiwanywesha maji. Hakuwahi kumwambia mtu. Lakini tangu siku ya somo lile alijua anataka kufanya kazi gani.

Akaolewa na Liévin, fundi wa karakana ya reli mjini Élisabethville, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Wakapata nyumba Kamalondo, mtaa wa Waafrika uliotengwa na mji wa Wazungu kwa uwanja mpana wa majani, ili kila mmoja ajue mahali pake. Mwaka 1952 ikafunguliwa pale fwaye ndogo, yaani nyumba ya kuwafundisha akina mama kushona, kupiga pasi na kutunza watoto, na Agnès akaajiriwa kuwa monitrisi, mwalimu wao. Wengine walikuja kwa ajili ya vitambaa. Yeye alikuwa na lake moyoni, nalo lilikuwa maji.

Bomba la mtaa lilikuwa moja na foleni yake haina mwisho, basi watu wengi walichota kwenye visima vya uani. Miaka miwili Agnès alibembeleza, akarudia, akatukanwa, akarudia tena. Na kidogo kidogo, jioni, juu ya mbabula za makaa zilizopangwa milangoni, baada ya sufuria ya bukari, ugali wao, ikaanza kubandikwa sufuria ya maji. Lakini tusimpe sifa zote yeye peke yake. Nusu ya kazi ile ilifanywa na Ngosa.

Ngosa alikuwa mwenyeji kweli kweli. Ukoo wake ulilima mtama pale kabla tanuru la shaba halijajengwa. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, na alikuwa amezaa mapasa, mvulana na msichana, wote wazima. Kwa hiyo hakuna aliyemwita Ngosa. Aliitwa Nampundu, mama wa mapasa, na cheo hicho hapewi mtu bure. Kila mwezi mpya ulipoandama, Nampundu alitoka nje na watoto wake wawili, amewapaka udongo mweupe kwenye paji la uso, akauimbia mwezi, na majirani wakaitikia. Yeye alipochemsha maji, mstari mzima wa nyumba ulichemsha. Alipocheka kitu, kitu hicho kilikuwa kimekwisha.

Sasa tuingie katika mkosi wenyewe. Alasiri moja ya Julai, baridi kali, wanawake wameinamia sindano zao ndani ya fwaye, Nampundu akainua kichwa.

"Monitrisi, unijibu kintu kimoja. Mwezi inaendaka wapi wakati haionekane? Mi minaimbaka, inakuya. Kisha inapotea. Inaenda kulala kwa nani?"

Wenzake wakacheka. Agnès hakucheka, alifurahi mno. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali la namna ile tangu atoke kwa masista, na furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali ni kitu cha hatari. Alichomoa kabatini kitabu chake cha shule kilichochapishwa Ubelgiji, akashika chaki, akaanza kumwaga elimu. Akaeleza kwamba dunia ni mviringo, nayo inajizungusha yenyewe, ndipo tunapata mchana na usiku. Mwezi nao ni mviringo, hauna moto wake, unapigwa na mwanga wa jua tu, na unatuzunguka sisi. Ukipita upande wa jua, uso wake wenye mwanga unatazama kule kwenye jua, na sisi tunabaki na mgongo wake wenye giza. Hauendi kulala kwa mtu. Mpaka hapo wanawake walisikiliza, na Nampundu alikuwa ameweka sindano chini.

Angeishia hapo angekuwa salama. Lakini akapindua ukurasa, akanakili picha iliyokuwemo: mwezi mchanga umesimama wima, mgongo wake upande wa kulia, pembe zake upande wa kushoto.

"Ba mama, leo mangaribi mwezi ya mupya itaonekana," akasema. "Itakuwa hivi. Muangarie vizuri."

Nampundu aliitazama picha ile, akakunja kitambaa chake, akaondoka bila kuaga.

Ili uelewe, lazima ujue kwamba katika anga la Katanga mwezi mchanga hulala chali, hasa miezi ile ya baridi, pembe juu, kama sahani iliyowekwa kupokea kitu. Na katika ukoo wa Nampundu walisema sahani ile ndiyo inayobeba nguvu za mapasa. Ikisimama, inazimwaga, na mapasa hawafiki msimu wa mvua. Agnès alikuwa ameuona mwezi umelala tangu utotoni, kama kila mtu. Ila kitabu kilipofunguliwa mbele yake alikiamini kitabu, wala hakukumbuka kutoka nje kutazama. Akawa amechora ubaoni, mbele ya mama yao, kifo cha watoto wawili.

Jioni mwezi ukaandama, umelala chali kama siku zote. Nampundu akatoka na mapasa wake, akaimba, na safari hii akaongeza maneno mapya:

"Mwezi ya monitrisi inasimama, inamwaga yote;
mwezi yetu inalala, inatulindia batoto."

Mtaa mzima ukaitikia. Agnès alikuwa uani kwake, akasikia kila neno, na alipoinua macho akauona mwezi wenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake fwaye ilikuwa tupu. Keshokutwa akaja mtu mmoja tu, Delphine, jirani na rafiki yake, naye hakuja kushona.

"Agnès, banaacha kuchemusha mayi," akasema akiwa bado mlangoni.

"Nani?"

"Bote. Banasema, kama anatudanganya juu ya mwezi, yenye kila muntu anaona, sasa juu ya tule tududu twenye hakuna muntu anaona, je? Banasema iko bongo, uongo ya bazungu yenye alimeza mu kitabu." Delphine akashusha sauti. "Na mu mustari ya nyuma, batoto babili banaanza kuhara."

Hoja ya wanawake wale ilikuwa imenyooka, na mbaya zaidi ni kwamba Agnès mwenyewe angefikiri hivyo hivyo. Miaka miwili ya kubembeleza iliondoka kwa mstari mmoja wa chaki. Angeweza kuvumilia kuchekwa. Lakini watoto wawili walikuwa wameanza kuhara, na yeye alizijua siku zinazofuata baada ya hapo.

Jioni ile hakupika. Alitandika mkeka uani, akajilaza ubavu wa kulia, shavu juu ya mkono, uso umeelekea magharibi, akaukodolea macho mwezi uliomharibia maisha. Alikuwa na hasira nao. Akautazama, akautazama tena.

Mwezi ulikuwa umesimama wima, mgongo kulia, pembe kushoto, sawasawa na kitabu.

Akainua kichwa. Mwezi ukalala. Akarudisha shavu mkononi. Mwezi ukasimama. Akainuka, akalala, akainuka, akalala, na Liévin alipoingia na baiskeli yake akamkuta mkewe anafanya hivyo, akaiacha baiskeli ianguke.

"Iko nini? Uko mugonjwa?"

"Lala hapa, Liévin."

"Na manguo ya kazi?"

"Lala tu."

Mtu yule mpole akalala ubavu karibu na mkewe, na mafuta ya garimoshi mwilini mwake.

"Mwezi iko namna gani?" Agnès akauliza.

"Iko nasimama."

"Inuka. Sasa?"

"Iko nalala."

"Sababu ya nini?"

Liévin akafikiri. "Sababu kichwa yangu njo ilikuwa inalala," akasema. "Mwezi haikufanya kintu."

Hapo Agnès akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi, na machozi yakawa kicheko tena. Kwa maana sasa alikuwa ameona jambo ambalo kitabu kililisema ukurasa wa kwanza na yeye akalikariri tu bila kulielewa. Dunia ni mviringo. Mtu wa Ubelgiji amesimama mbali sana, juu huko kwenye mzunguko wake, na yeye amesimama hapa. Kila mmoja anajiona yuko wima, lakini ukiwalinganisha, mmoja ni kama amemlalia mwenzake ubavu. Mwezi ni ule ule mmoja. Wazungu wanauona umesimama, sisi tunauona umelala, na hakuna anayedanganya. Ingekuwa dunia ni bapa kama meza, watu wote wangeuona sawa. Kosa lake lilikuwa limempa ushahidi ambao hakuna mwalimu aliyewahi kumpa.

Alasiri ya kesho yake alikwenda kwa Nampundu. Alimkuta anasonga bukari nyuma ya nyumba. Agnès akapiga magoti mavumbini, akapiga makofi taratibu, kama anavyosalimiwa mama wa mapasa.

"Ba Nampundu, mwezi yenu inalala. Mi nilikosa. Sikuangaria, nilisoma tu. Na nilichora kintu chenye kinaleta mukosi ku batoto benu. Munisamehe."

Nampundu aliendelea kusonga. Wanawake wawili waliokuwa wakimenya mihogo wakaacha kumenya.

"Basi kitabu iko bongo," akasema hatimaye.

"Hapana, mama. Kitabu iko sawa, na ninyi muko sawa. Munipatie lampe moja, na tonge moja ya bukari, nitawaonyesha. Kama mutaona ninadanganya, sitafungua tena mudomo yangu Kamalondo hii."

Kwa vile Nampundu alikuwa mtu wa kupenda michezo, na kwa vile hakuna aliyewahi kumwomba tonge la ugali kwa ajili ya kuelezea mwezi, akakubali. Habari ikaruka ua kwa ua. Muda si muda chumba chake kilijaa wanawake, wengine na watoto mgongoni, wengi wamekuja kuona monitrisi akiumbuka. Madirisha yakafungwa, taa ikawashwa na kuwekwa juu ya kabati.

"Ile lampe njo jua," Agnès akasema. Akafinyanga bukari mpaka likawa duara jeupe zuri, akampa Nampundu. "Hii njo mwezi. Na kichwa yenu, mama, njo dunia. Munyooshe mukono, muinue mwezi kidogo, muangarie lampe."

"Mwezi iko giza," Nampundu akasema.

"Sasa muzunguke polepole, na mwezi mu mukono."

Nampundu akazunguka, na mwili wake mkubwa ulichukua nafasi yote. Ukingo mwembamba wa bukari ukang'aa. Akazidi kuzunguka, ukingo ukanenepa, ukawa nusu. Alipoipa taa mgongo, tonge lote likawa jeupe mbele ya macho yake, akasimama hapo akilitazama. Kisha mkono ukamchoka, ukashuka, kivuli cha kichwa chake kikafunika tonge lote.

"Mwezi imekufa," akasema mwanamke mmoja nyuma.

"Haikufa. Kivuli ya dunia njo inaipita," Agnès akajibu. "Ba Nampundu, muliniuliza mwezi inaendaka wapi. Sasa muniambie ninyi. Ilienda wapi?"

Nampundu akazunguka tena kuielekea taa, mpaka tonge likarudi kuwa giza. Akalishika imara.

"Haikuenda fasi yoyote," akasema polepole. "Iko hapa. Minaishika."

Chumba kikavuma. Lakini Nampundu hakuwa mtu wa kununuliwa kwa bei rahisi. Akatikisa kichwa. "Iyo minaona. Lakini kusimama na kulala, je?"

Agnès akachomoa pini mbili kwenye blauzi yake. Akazichomeka kwanza kwenye mto uliokuwa kitini, zikasimama sambamba, vichwa juu. Kisha akachukua boga, akazichomeka tena, moja huku na moja mbali kule. Zikaachana, moja ikaelekea dari, nyingine ikaelekea ukutani. Huyu ni mtu wa Bulaya, akasema, huyu ni sisi. Kila mmoja ana miguu chini na kichwa juu, lakini vichwa havielekei pamoja. Wanawake wakapokezana boga. Baadhi walielewa, baadhi walisema wameelewa. Agnès akaona wazi kwamba boga halitoshi.

Nje king'ora cha kiwanda kilikuwa kimekwisha lia na jua limezama. Agnès akafungua mlango. "Tutoke," akasema. "Tuchukue mikeka."

Basi walitoka. Mwezi ulikuwa juu ya paa za magharibi, umenenepa kidogo, pembe juu. Agnès akalala wa kwanza, ubavu wa kulia, katikati ya barabara ya Kamalondo, nguo yake safi ya kazi kwenye vumbi. Watu wakasubiri. Nampundu akamkabidhi Delphine mapasa, akajishusha kwa kishindo, akalala.

"Mama yangu," akasema. "Inasimama."

Wakalala wote. Waliopata mikeka walilala kwenye mikeka, waliokosa walilala chini, wajawazito wakasaidiwa, mabibi wakakunja mgongo huku wakilalamika. Mstari mzima wa wanawake ulikuwa ubavuni, unainua kichwa na kukishusha, na kila kichwa kilipoinuka mwezi ulilala, na kila kilipolala mwezi ulisimama. Kicheko kikaanza upande mmoja kikasafiri mpaka mwingine. Waume waliotoka zamu wakasimama na baiskeli zao bila kujua kama ni msiba au ni pombe.

"Kuko nini? Banakufa?" akauliza Mukuka, mume wa Nampundu.

"Unyamaze, ulale, uone dunia," mkewe akamjibu kutoka chini, na Mukuka akalala.

Nampundu akamgeukia Agnès, nyuso zao karibu karibu juu ya mkeka. "Basi kule Bulaya, mwezi yao haimwage kintu."

"Haimwage, mama. Ni mwezi ile ile moja. Yenu inalala, na batoto benu iko salama."

Nampundu akashusha pumzi ndefu, na Agnès akajua ni kiasi gani mwanamke yule alikuwa ameogopa siku zile zote. Kisha Nampundu akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo Kamalondo haikuwa imewahi kuisikia kwake: "Na tule tududu twa mu mayi? Nishike lampe namna gani nitwone?"

Agnès angeweza kujibu lolote jioni ile wangeliamini. Alikaa kitako.

"Hamutatwona na lampe, ba Nampundu. Mi mwenyewe sijatwonaka. Lakini badogo bangu babili balikufa na kuhara, na mi njo nilibanywesha mayi ya kisima. Sikujua. Ni ile tu minaweza kuwaonyesha."

Kicheko kilikuwa kimekatika. Walio karibu walisikia, na wasiosikia wakaambiwa. Mapasa mmoja, aliyekuwa amelipata lile tonge la bukari, aliendelea kula mwezi wake bila haraka. Nampundu akainuka, akajipangusa vumbi. Kisha akageuza uso kuelekea nyumbani kwake, na sauti yake kubwa ikarudi yote.

"Delphine, wee, tia mayi ku moto. Sufuria ya mukubwa. Ichemuke mpaka mi niseme inatosha."

Mwanamke wa nyumba ya pili akamwita binti yake akamwambia hivyo hivyo, na wa nyumba ya tatu, na sauti zikaenda mpaka mstari wa nyuma, kwa mama wa wale watoto wawili waliokuwa wakihara, ambaye alikuwa tayari anaikimbilia mbabula yake. Mbabula zikapulizwa, makaa yakashika moto mlango hadi mlango. Agnès Kapya alisimama katikati ya barabara, nywele zimejaa vumbi, akilia waziwazi mbele ya watu wote, akasikiliza maji yakianza kuchemka Kamalondo nzima.